Samaki Ndani ya Saa za Babu Yako

Machi 4, Jumatatu

Umekuja, hatimaye? Basi kaa kwanza, miguu isije ikakumbuka njia ya kurudi. Miaka miwili na miezi mitano, mke mwenzangu! Mtu akiwa na deni huja walau kuomba aongezewe siku. Wewe hata kuomba hukuja. Unanitumia sauti kwenye simu, "Bibi, nimekukumbuka mno," halafu kimya. Ukinikumbuka mno kanyaga njia, si kitufe.

Daftari hili nimelinunua leo ili nikuandikie mambo yanavyokwenda, maana kwenye simu unanikatiza. Utalisoma hapa hapa, kwenye meza hii, mbele ya macho yangu. Kulibeba hulibebi.

Unajua mimi darasa sikulikanyaga. Herufi nilifundishwa na babu yako karakana, si kwa mapenzi, ni kwa uvivu wake. Alichoka kuandika vikaratasi. Kila saa iliyoletwa kutengenezwa ilifungwa kikaratasi kwa uzi: nani kaileta, inaumwa nini. "Mwalimu mnene. Haishiki ufunguo." "Muuza mbao. Imekunywa maji." Kwa hiyo siku nikiandika kidogo usiseme nimenuna. Ndiyo shule yangu. Nikiandika kirefu, ujue pamewaka.

Sasa habari. Nimeuza saa za mfukoni za babu yako, zote kumi na mbili. Funga mdomo, inzi wataingia. Mwenye nyumba anakiuza chumba cha karakana. Kanipa muda mpaka mvua hizi ziishe, na nisipolipa anamuuzia yule mtu wa fotokopi wa mlango wa pili, ambaye jana alikuwa anapima ukuta kwa hatua za miguu yake na mimi nimesimama pale pale kama mwiko. Babu yako amekaa chumba kile miaka arobaini, chini ya dirisha. Wewe ulijifunza kufungua saa mle kabla hujajua kufunga viatu. Nataka kiwe kwa jina lako. Kama hutaki kurudi, usitake ukiwa na chumba, si ukiwa huna.

Mnunuzi ni bwana mmoja mwenye duka la vitu vya kale, huvaa glovu nyeupe kama anakwenda kupasua mtu. Namwita Bwana Glovu. Alizishika saa za babu yako kama vifaranga. Nilimpenda papo hapo, na mimi si mtu wa kupenda watu papo hapo. Kalipa vizuri. Fedha ziko benki, chumba kinanunulika na paa linazibika.

Mvua imeanza leo.

Machi 5

Ndoo mbili karakana, sufuria moja chumbani kwangu.

Machi 11, Jumatatu

Imekuja barua ya kodi. Nimeisoma mara tatu. Sijaielewa, lakini nimeshaichukia.

Machi 12

Mjomba wako kaja, kaisoma akiwa amesimama, viatu vimejaa tope, kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki.

"Mama, kwani ulimpa yule mtu jina lako kamili?"

"Nimpe la nani? La paka?"

"Ndiyo maana. Ana duka lenye kibali, lazima aandike kanunua kwa nani. Sasa wanataka sehemu yao kwenye faida."

"Faida gani? Mimi nilinunua vitunguu nikapandisha bei? Nimeuza vya mume wangu."

"Sheria ndiyo hiyo, mama. Kitu cha thamani kikiuzwa zaidi ya kilivyonunuliwa, ile ziada inatozwa." Kisha akashusha sauti kama kwamba sufuria linasikiliza. "Lakini kaa kimya tu. Bibi kizee, nani atakufunga?"

Nikamwambia uzee wangu si pazia la yeye kujifichia. Kanywa chai yangu, kaondoka kanuna. Ana woga tangu utotoni huyu, alikuwa anaogopa hata mbuzi wa picha.

Lakini nikuambie ukweli: alipotoka nilikaa nikaliangalia lile neno "kimya" muda mrefu.

Machi 15, Ijumaa

Nimekwenda ofisi ya kodi mwenyewe. Foleni hadi kwenye ngazi. Nimekaa kwenye benchi pamoja na mtu anayeuza matairi, kanieleza maisha yake yote na sikumwomba.

Aliyenihudumia ni mwanamke wa makamo, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Haivai, anaishika tu. Hacheki. Nimempa jina la Miwani.

"Bibi, hatutozi bei uliyouzia. Tunatoza faida. Marehemu alizinunua kwa kiasi gani?"

"Mwanangu, mimi najuaje? Mwanamume anakuambia alinunua kitu kwa kiasi gani?"

Mwenye matairi kacheka huko nyuma. Miwani hakucheka.

"Basi lete ushahidi. Risiti, daftari, chochote chenye maandishi ya wakati ule. Mwisho tarehe thelathini Aprili. Usipoleta, nitahesabu kana kwamba zilidondoka kutoka mbinguni, bure. Fedha yote itakuwa faida."

Nikamuuliza ikihesabiwa yote ni kiasi gani. Akaandika kwenye kipande cha karatasi, akakigeuza kuelekea kwangu. Nilikiangalia, mke mwenzangu. Ukikitoa hicho kwenye fedha iliyoko benki, chumba hakipo. Paa ndiyo usiseme.

Nimerudi kwa miguu kwenye mvua kwa hasira, kana kwamba nauli nayo ni kodi. Mtu hajawahi kushika kibano maishani mwake, leo anataka mgao wa jicho la babu yako.

Machi 16

Nimepekua kabati lote. Hakuna risiti. Nimepata jino lako la kwanza, limefungwa kwenye kitambaa.

Machi 18

Mtu wa fotokopi kapita na kamba ya kupimia. Nimemuuliza kama anapima kaburi lake.

Machi 22, Ijumaa

Leo nimeaibika, na kwa kuwa nimeanza kukuandikia ukweli, acha nimalize.

Alisema chochote chenye maandishi ya wakati ule. Nikakumbuka kopo la vikaratasi. Siku ya kuuza nilikata nyuzi za vile vikaratasi kumi na viwili vilivyokuwa kwenye saa, nikavitia koponi bila kuvitazama. Nikalibeba kopo, nikamwagia Miwani mezani. Akavisoma kimoja kimoja.

"Fundi cherehani. Inachelewa. Mpishi wa hoteli. Kioo kimepasuka." Akaiachia miwani ikaning'inia. "Bibi, karatasi hizi zinasema saa hizi ni mali za wateja."

Nikavuta kiti karibu na meza yake.

Sasa sikiliza jambo ambalo hata mama yako halijui. Babu yako alipofariki nilijifungia karakana wiki mbili nzima. Nyinyi mlidhani ni majonzi. Majonzi yalikuwepo, lakini nilikuwa na kazi. Ndugu zake walikuwa wamekuja na mifuko mitupu, na mimi nilijua wanazitaka zile saa. Kwa hiyo nikakaa nikaandika vikaratasi vya uongo, nikazifunga saa zake zote kama kwamba ni za wateja. Nilitunga watu, nikawapa na magonjwa ya saa. Mlangoni waligonga kwa ngumi, waligonga kwa viganja, mmoja aligonga kwa kitu cha chuma, mara tatu, polepole, akarudi kesho yake na keshokutwa. Sikufungua. Nilipofungua, shemeji zangu wakatazama kabati, wakasoma, wakasema, "Maskini, kumbe vyote ni vya watu." Wakaondoka na redio.

Nilimweleza Miwani hivyo hivyo.

"Kwa hiyo uliwadanganya shemeji zako kwa maandishi," akasema, "na sasa unataka mimi niyasadiki maandishi yako."

"Ndiyo," nikasema. Ningesema nini?

Akavipanga vikaratasi kama karata. "Hivi kumi na moja ni mwandiko mmoja. Hiki ni mwandiko mwingine."

"Cha babu. Alikuwa mjanja kuliko mimi. Nilikikuta tayari kimefungwa kwenye ile saa yenye mwezi mdogo usoni, nikajua naye alishaanza ujanja ule ule kabla hajafa. Nilicheka peke yangu mle ndani, mwanangu, nikacheka mpaka nikalia."

Miwani akanitazama kidogo, akavirudisha vyote koponi, akafunga mfuniko vizuri. "Tafuta kitu kingine, bibi."

Machi 26

Mvua. Mvua. Meza ya babu yako imevimba kona moja. Nimeisogeza, nimeirudisha, nimeisogeza tena.

Aprili 2, Jumanne

Nilikuwa nakamua matambara chini ya dirisha, nikakumbuka sauti yako. Una miaka saba, umekaa kwenye kigoda, lenzi ya babu yako imekuangukia shavuni. "Babu, kwa nini ndani kuna samaki?"

Samaki!

Kila saa aliyoinunua alikuwa anafungua mfuniko wa nyuma na kukwaruza kwa sindano, ndani, pasipoonekana: samaki mdogo, mwaka, na bei. Samaki kwa sababu hakujua kuchora kitu kingine chochote. Na saa ya mteja hakuitia samaki, aliitia mstari na tarehe tu, ili ikirudi ajue ni yeye aliyeigusa. Mimi vifuniko sikufungua kamwe. Kazi yangu ilikuwa nje ya saa, yake na yako ilikuwa ndani.

Nimekupigia kukuuliza kama nakumbuka sawa. Ukasema, "Bibi, niko na mteja, nitakupigia." Hukupiga. Uko mji mwingine na mteja wa kubadilishiwa kioo cha simu, na samaki wa babu yako wako gizani kwa mtu mwenye glovu.

Aprili 4, Alhamisi

Bwana Glovu hakutaka kuzifungua. Zimeshaandikwa kwenye orodha ya mnada wa tarehe mbili Mei, kila ikifunguliwa inaingia vumbi, sijui unyevu, sijui nini. Nikamwambia, "Baba, nakuomba kwa adabu. Adabu yangu ni fupi."

Kafungua. Ya kwanza, samaki. Ya pili, samaki. Mke mwenzangu, sikujua kwamba mtu anaweza kupenda mikwaruzo. Samaki wengine wamenona, wengine wamechoka, na ule mwaka uliozaliwa wewe kuna samaki anacheka, nakuapia. Mjomba wako, niliyekwenda naye, akapiga picha kila mmoja kwa simu. Bei nyingine zilinitoa macho. Kumbe mwaka ule aliposema hakuna fedha ya viatu vyangu vipya, samaki alikuwa anaogelea!

Kumi na moja.

Ya kumi na mbili ni ile yenye mwezi, ile nzuri, iliyobeba theluthi ya fedha zote. Bwana Glovu akafungua. Mstari. Tarehe. Mwezi mmoja kabla babu yako hajafa.

Hakuna samaki.

Nilimwomba kwa kunong'ona, sijui kwa nini, hakuna aliyekuwa amelala. "Angalia tena." Akaangalia kwa lenzi. "Hakuna, mama."

Aprili 5

Nimetoa kile kikaratasi cha mwandiko wa babu yako. "Dereva wa treni. Inasimama saa tisa na robo. Kalipa nusu."

Siku ya tarehe ile nilikuwa kliniki na goti langu. Ndiyo maana aliandika mwenyewe. Haukuwa ujanja. Miaka sita nimemsifu marehemu kwa uongo ambao hakusema, ulikuwa wangu peke yangu.

Nimeuza saa ya mtu.

Aprili 9, Jumanne

Nimewapa wote wawili nafasi ya kunifariji, wamenifariji vibaya.

Bwana Glovu: "Mama, mimi nimenunua kwa nia safi, wewe umeuza kwa nia safi. Miaka sita! Huyo dereva keshakufa. Tusiamshe mambo."

Mjomba wako: "Mama, kwani inahitaji nini? Samaki mmoja. Glovu mwenyewe ana sindano dukani. Unakwaruza samaki na mwaka na bei kubwa, faida inakuwa ndogo, kodi inakuwa ndogo, chumba chako, basi."

"Chumba cha mwenzangu," nikamwambia, nikikutaja wewe.

"Basi cha kwake. Unataka akirudi akute fotokopi?"

Hapo kanipiga penyewe. Nikamfukuza.

Aprili 10

Nimechora samaki kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari hili, kujaribu tu mkono. Kumi na saba. Ukitaka utacheka, wote wanafanana na viatu. Wa kumi na nane alitokea kama wa babu yako kabisa, mkia na yote.

Nimemtazama yule wa kumi na nane siku nzima. Nimepika maharage yakaungua.

Aprili 11

Nimemchana.

Aprili 13, Jumamosi

Nimemwambia mjomba wako, "Nipeleke kwenye nyumba za reli." Hakubisha. Kaja na mwavuli mmoja, kanifunika mimi tangu mlangoni hadi huko, yeye kalowa mpaka soksi. Nimetembea pembeni yake nikimsikiliza anavyopumua. Anaogopa, ndiyo, lakini leo nimeona kitu anachokiogopa: anaogopa nitapata aibu. Mtu ana umri wa miaka hamsini na mbili, na mimi nilikuwa nadhani bado ni wale mbuzi.

Nyumba za reli ni safu tatu za milango ya kijani, kila mmoja na namba. Mwanamke anayefua akatuonyesha kwa kidole chenye povu. "Dereva? Yule pale, anayegombana na redio."

Hajafa, mke mwenzangu. Mrefu, mkavu, kaketi wima kwenye kiti cha mbao kama bado ana mabehewa kumi na manane nyuma yake. Nikamsalimia, nikajitambulisha kuwa ni mke wa fundi saa wa chini ya dirisha. Redio akaizima.

"Nilikuja," akasema. Hakunisalimia kwanza. "Nilikuja siku tatu. Niliambiwa fundi kafariki, nikaja kutoa pole na kuchukua saa ya baba yangu. Naye alikuwa dereva, saa ile imepanda treni miaka mingi kuliko wewe ulivyoolewa. Niligonga kwa ufunguo wangu, mara tatu, kama mtu mwenye adabu. Nilikusikia ndani unapumua."

Mjomba wako akanishika kiwiko.

"Nikasema, kama mtu anaweza kupumua hivyo nyuma ya mlango asifungue, basi saa yangu keshaila. Sikurudi tena. Sikutaka kugombana na mjane."

Nimetukanwa na watu wengi maishani, shemeji, wauza samli, wakunga. Hakuna tusi lililoniingia kama ile pole iliyogonga kwa ufunguo. Nikamweleza yote, vikaratasi, shemeji, redio iliyokwenda, samaki, mnada. Nilidhani atapiga kelele. Akauliza tu:

"Sasa iko wapi?"

"Kwa mtu mwenye glovu."

"Basi nenda ukaitoe."

Hakutukaribisha hata maji, na sikumlaumu.

Aprili 16, Jumanne

Bwana Glovu kakataa. Orodha ya mnada imeshachapishwa, saa ile ndiyo iko kwenye picha ya jalada. Nikamwambia fedha yake yote narudisha. Kasema si suala la fedha. Mtu akisema si suala la fedha ujue ni fedha nyingi.

Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

Aprili 17

Nimekaa. Nimekwenda na chai yangu na mkate wangu. Kila anayeingia ninamwambia, "Karibu baba. Vitu vizuri hivi, ila ile yenye mwezi ina mwenyewe, yuko hai, anakaa nyumba za reli." Sikusema neno baya hata moja. Wanne wametoka bila kununua.

Aprili 18, Alhamisi

Kufika saa tano Bwana Glovu kavua glovu. Mikono yake midogo, na kucha kazitafuna. Nilimhurumia.

"Mama, unanimaliza."

"Baba, na mimi nimekwisha. Tumalizane."

Tumekwenda benki pamoja. Theluthi ya fedha imetoka kwangu ikarudi kwake, kaandika karatasi kwamba mauzo ya saa ile yamefutwa, tukatia sahihi wote wawili. Kaniandikia jina langu vizuri kabisa. Si mtu mbaya. Ni mtu anayependa kitu kizuri kuliko mwenye kitu. Babu yako naye alikuwa na ugonjwa huo kidogo, waulize viatu vyangu.

Saa nimeifungia kwenye leso yangu, nimeipeleka mwenyewe. Dereva aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka sikioni.

"Bado inasimama," akasema.

Aprili 20

Jua saa moja, kisha mvua tena. Ndoo tatu sasa.

Aprili 29, Jumatatu

Ofisi ya kodi. Imebaki siku moja. Nimempa Miwani picha za samaki kumi na moja na karatasi ya Bwana Glovu. Leo kaivaa miwani yake, mara ya kwanza. Kawakagua samaki mmoja mmoja, akilinganisha mkia na mkia, namba na namba, kalamu yake ikitembea polepole kuliko konokono. Watu nyuma yangu walikuwa wanaguna. Mimi sikuguna. Nilikuwa najua ule utaratibu wa shingo. Ndivyo babu yako alivyoinama miaka arobaini, na watu wakamgunia vile vile.

"Aliandika hata mwaka," akasema peke yake.

"Alikuwa hawezi kulala bila kuandika mwaka."

"Ninakubali kumi na moja." Kisha akaigeuza karatasi ya Bwana Glovu. "Na hii? Ungeweza kutaja bei yoyote, bibi. Sisi tusingeifungua saa."

"Haikuwa na samaki."

Halafu akasema, bila kucheka, maana kucheka kwake naona kuna kibali maalumu: "Wengi huja hapa kuongeza walichonunulia. Wewe ndiye wa kwanza kuja kupunguza ulichouza."

Kodi ni ndogo kuliko ile ya kipande cha karatasi, lakini si ndogo. Nimelipa dirisha la pili, nimepewa risiti. Nimeikunja mara nne nikaitia kwenye kopo la vikaratasi. Angalau karatasi moja mle ndani ni ya kweli tupu. Samahani, mbili, na kile cha dereva.

Mei 1

Nimehesabu kilichobaki. Hakitoshi chumba. Nimehesabu tena kwa kuanzia chini kwenda juu. Hakitoshi.

Mei 3, Ijumaa

Siku tatu mvua haijanyesha. Mwenye nyumba kaja na yule mtu wa fotokopi na kamba yake. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kulia, nimeyasahau yote.

Nikamuuliza mtu wa fotokopi, "Baba, mashine zako zinahitaji nini?"

"Umeme na ukuta, mama. Jua linaziharibu."

"Basi kwa nini unanunua dirisha?"

Akatazama dirisha kana kwamba limewekwa leo. Mwenye nyumba akatutazama sisi. Tumebishana mpaka adhuhuri, nimemwita mwizi mara mbili na mwanangu mara tano. Mwisho tumekigawa chumba, kila mmoja akalipia sehemu yake. Mtu wa fotokopi kachukua upande wa ndani, wenye ukuta, sisi upande wa mbele. Mjomba wako atasimamisha mbao katikati. Paa analiziba mtu wa fotokopi kwa sababu mashine zake zikilowa ni kilio, na maji hayajui mpaka.

Kwa hiyo sikukununulia chumba. Nimekununulia dirisha, na meza chini yake, na hatua nne kwenda mlangoni. Jina lako limeandikwa. Usiponishukuru sitajali, ila usiponishukuru nitajali.

Mei 7

Mbao zimesimama. Upande wa pili mashine inalia kama mbuzi. Mjomba wako kasema, "Mbuzi wa picha huyo, mama," tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Mei 10, Ijumaa

Leo asubuhi nilikuwa nafuta meza. Mlango ukagongwa kwa chuma, mara tatu, polepole.

Goti langu hili bovu lilifika mlangoni kabla yangu.

Dereva, kavaa koti, kanyoa. Kaitoa saa kwenye leso yangu, ile ile, kaifua na kuipiga pasi. Kaiweka mezani chini ya dirisha.

"Mume wako nilimlipa nusu," akasema. "Nusu nyingine ninayo hapa. Lakini bado inasimama saa tisa na robo, na mimi silipi saa iliyosimama."

"Fundi hayupo."

"Yupi? Yule msichana wa kigoda naye kafa?"

Nikamwambia hajafa, anabadilisha vioo vya simu mji mwingine.

"Basi andika kikaratasi," akasema. "Nitasubiri. Sisi watu wa reli tumezoea."

Nimekiandika mbele yake, naye kakisoma kwa sauti, nikaifunga saa kwa uzi. Hakijaongezwa wala kupunguzwa kitu: "Dereva wa treni. Inasimama saa tisa na robo. Kalipa nusu." Nimeitia kwenye droo ya babu yako, yenyewe peke yake.

Kisha kanywa chai. Vikombe viwili. Kasema nina mkono mzito wa sukari.

Mei 12, Jumapili

Daftari limebaki kurasa chache na mvua zimekwisha, kwa hiyo nikuage kwa maagizo, maana najua kusoma utasoma lakini kusikia ni kwa shida.

Ukimaliza ukurasa huu, usiniangalie kwa macho hayo. Kunywa chai yako, nenda zako ukaage huko kwa vioo vya simu, kisha urudi. Safari hiyo ya pili usiniletee kitenge, ninavyo, wala mkate, panya watashukuru. Lete ile bisibisi ndogo ya babu yako yenye kishikio cha mfupa uliyoondoka nayo siku ya mazishi. Nilikuona ukiitia mfukoni. Niliacha kwa sababu nilijua mtu haibi bisibisi asiyotaka kuitumia.

Anzia karakana, nyumbani baadaye. Dereva anasubiri. Usipige simu kwanza, usiite kwa sauti njiani kama muuza mkaa. Gonga kwa ufunguo, mara tatu, polepole. Nitafungua.